Ndama Waliouzwa Mara Mbili

Veneta Maggard alikuwa na ng'ombe wa nyama thelathini na mmoja, na kwa miaka kumi na moja aliamini kwamba hajui kufuga. Hesabu ilimwambia hivyo, na jirani yake wa ng'ambo ya kijito, Shemasi Burl Hensley, alimwambia hivyo kila mwezi wa kumi, kwa upole, kofia mkononi. Leo watu wa Pine Lick huisimulia habari hii kama kichekesho cha kanisani. Haya, wacheke. Wanaocheka zaidi ni wale ambao hawajawahi kufuga hata kuku.

Huyu ni mwanamke aliyezaliwa juu ya kilima kile kile cha mawe, kusini mwa Missouri, ambako ukichimba shimo la nguzo unatoa mawe mengi kuliko udongo. Aliolewa na Doyle Maggard akiwa na miaka kumi na tisa. Kwa miaka thelathini na minne aliendesha basi la shule. Saa kumi alfajiri yuko zizini na tochi, saa kumi na mbili yuko barabarani na watoto wa watu, jioni yuko zizini tena. Ndama akikwama tumboni mwa mama yake wakati wa barafu, Veneta alivua koti, akaupaka mkono sabuni, akauingiza mpaka begani na kumgeuza. Doyle mwenyewe alikuwa hawezi. Mkono wake ulikuwa mnene mno, na akiona damu ilibidi atafutiwe pa kukaa.

Kazi ya Doyle ilikuwa kuuza. Alipenda mnada, alipenda kubishana na wanunuzi, na alirudi nyumbani na umbea wa kaunti nzima. Kwa hiyo siku moyo wake uliposimama akiwa juu ya trekta, mwezi wa saba, nyasi zimekatwa nusu shamba, Veneta alibaki na kazi moja tu ya ng'ombe ambayo hakuwahi kuifanya. Na hiyo moja ndiyo inayoleta fedha.

Shemasi alilijua hilo. Oktoba ile ile alikuja na trela lake refu, akalirudisha kinyumenyume hadi getini bila kuombwa.

"Dada Veneta," alisema, "usijisumbue na mnada. Kule ni moshi wa sigara na matusi ya wanaume. Nipe ndama, nitakupelekea mimi."

"Basi nitakulipa mafuta, Ndugu Burl."

"Mafuta! Unataka Doyle anifufukie?"

Veneta alilia kidogo, kisha akaingia ndani akamwokea pai ya matufaha. Tangu hapo ikawa desturi. Kila Oktoba trela la Shemasi, kila Oktoba pai. Mnada wa Haskell ulikuwa siku ya Jumanne. Shemasi alikuja kuwachukua ndama Jumatatu saa tisa alasiri, ili wapate foleni ya mbele, alisema. Ijumaa posta ilileta hundi. Kanisani watu walimtazama Shemasi wakasema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Veneta alikuwa wa kwanza kuitikia.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Nyasi kavu za miezi ya baridi, chumvi ya madini, daktari wa mifugo, mbolea, waya wa uzio, kodi ya ekari themanini za bondeni, na dume linalokula mwaka mzima na kufanya kazi miezi miwili. Ukijumlisha yote na kugawa, kila jike lilimgharimu dola mia sita na hamsini kwa mwaka. Majike thelathini na moja, mwaka mzuri, yalimpa ndama ishirini na saba wa kuuza, na ndama mmoja alileta mia sita na kidogo, wakati mwingine chini ya hapo. Kila mwaka kulikuwa na pengo, na kila mwaka Veneta aliliziba kwa mshahara wa basi. Alipostaafu aliliziba kwa pensheni. Kwa maneno mengine, bibi wa miaka sitini na minane alikuwa analipa kiingilio ili aruhusiwe kuamka saa kumi alfajiri kuwalisha wanyama.

"Kundi dogo halilipi, dada," Shemasi alimwambia, kila mwaka, akila pai. "Wenye mia tatu ndio wanaopata. Sisi wadogo tunafuga kwa mapenzi tu." Yeye mwenyewe alikuwa na mia mbili.

Mwaka huu ninaousimulia, Veneta aliamua kujaribu mara ya mwisho. Bwana shamba wa kaunti alikuwa amefanya mkutano shuleni, akaeleza kwamba wanunuzi wanaogopa ndama aliyetoka kwenye chuchu jana, maana huyo huugua njiani. Mwachishe kunyonya nyumbani, mchanje mara mbili, mzoeshe kula kwenye hori, akae angalau siku arobaini na tano, kisha mpeleke na karatasi ya daktari. Bei itapanda. Veneta aliandika kila neno.

Mwezi wa nane akawatenga ndama upande mmoja wa uzio na mama zao upande wa pili. Kwa siku tatu kilima kizima kilikuwa kilio kimoja, mama wanaita, watoto wanajibu, na hakuna aliyelala, Veneta akiwa mmojawapo. Siku ya nne kukatulia. Aliwapa chakula cha magunia asubuhi na jioni, mkono wake mwenyewe, akiwaita kama mama yake alivyoita: "Suuuk! Suk-suk-suk, haya, wanangu!" Kila familia ya kilima kile ina mwito wake, na ng'ombe wa mtu hawasikii wa jirani. Daktari akaja mara mbili na sindano zake. Chakula na daktari vilimeza pensheni ya miezi miwili.

Hakuwaacha arobaini na tano. Aliwaacha sitini na tatu, maana Veneta akifanya kitu hukifanya. Karatasi ya daktari aliitia katika bahasha na kumkabidhi Shemasi, Jumatatu saa tisa.

"Mpe dalali aisome kwa sauti, Ndugu Burl. Kila kitu kimeandikwa."

"Iko mikononi mwangu, dada."

Ijumaa hundi ikaja. Wastani wa ratili mia nne themanini na tano kwa ndama, senti mia na thelathini na moja kwa ratili. Dola mia sita thelathini na tano kila mmoja. Veneta alikaa ndani ya gari lake kando ya sanduku la posta, injini inaunguruma, akaisoma mara tatu. Alikuwa na hakika ndama wale walikuwa na ratili mia tano na ishirini. Amewatazama ndama maisha yake yote, hakosei kwa zaidi ya ratili kumi. Lakini mizani ni mizani, na mtu aliyeshindwa miaka kumi na moja haanzi kubishana na mizani.

Alimpigia simu Shemasi. "Ile karatasi ilisomwa?"

"Ilisomwa vizuri kabisa, dada, na wakabaki nayo. Wanunuzi wa siku hizi wala hawajali. Halafu ndama wako wekundu, wa manjano, wenye mabaka. Soko linataka weusi. Walitenganishwa wakauzwa mmoja mmoja, wawili wawili, bei ikashuka. Nilisikitika, nakwambia kweli."

Jumatatu iliyofuata alikuja mwenyewe. Walisimama kila mtu upande wake wa uzio, wakiyatazama majike yakila. Shemasi akasema atayachukua yote, dola elfu moja kwa kichwa, na malisho atayakodi yeye, ili Dada Veneta apumzike. Veneta alitazama majike yale. Kila moja alikuwa amelitoa tumboni mwa mama yake, au alikuwa amemtoa mama yake. Akapitisha mkono juu ya waya, wakashikana. Jumamosi ya wiki ya pili Shemasi atakuja kuyachukua.

Na Pine Lick mkono ukishikwa, umeshikwa. Hakuna karatasi, hakuna wakili. Watu wameuza mashamba kwa mkono. Babake Veneta aliwahi kuuza farasi kwa mkono asubuhi, mchana akapewa bei maradufu, na akamtoa kwa yule wa asubuhi bila kusema neno, ingawa mkewe alisema maneno mengi.

Alhamisi kabla ya Jumamosi ile, Veneta alikwenda Arkansas, jimbo la jirani, kumwona mdogo wake, Lorene, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa goti. Ni mwendo wa karibu saa mbili. Lorene alikuwa amechoka kukaa ndani.

"Dada, nipeleke mnadani."

"Una goti la chuma la wiki tatu, unataka kwenda mnadani kununua nini?"

"Kambare. Alhamisi wanakaanga kambare kwenye ule mkahawa wao. Nimekula supu ya kopo mpaka naiota."

Kila mtu wa kule anajua kwamba chakula kizuri hupikwa mnadani, basi wakaenda. Wakala kambare, maharage na mkate wa mahindi. Lorene alipoagiza sahani ya pili, Veneta alipanda ngazi kwenda kutembea kwenye ule ujia wa mbao unaopita juu ya mazizi. Mtu wa ng'ombe hawezi kukaa karibu na ng'ombe bila kuwatazama.

Chini yake kulikuwa na zizi la ndama wekundu, wa manjano, wenye mabaka. Veneta akasimama. Akajiambia, ndama wekundu ni wengi duniani. Wake walikuwa na hereni za njano masikioni, na hawa walikuwa na za kijani, mpya kabisa. Alitaka kuondoka. Kisha akaona kwamba kila sikio lenye hereni ya kijani lilikuwa na tundu jingine kando yake, tundu tupu, na kwamba yule wa manjano mwenye doa jeupe puani alikuwa anamkwaruza mwenzake kwa kidevu kama alivyokuwa akifanya yule wa kwake.

Akaita, kwa sauti ndogo, kwa sababu aliona haya. "Suuuk. Suk-suk-suk."

Zizi zima lilinyanyua vichwa. Wote ishirini na wawili wakaja mbio chini yake, wakasukumana, wakatazama juu wakisubiri gunia. Katika mazizi ya jirani hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Sijui wewe ungefanya nini. Veneta alishuka ngazi taratibu akishikilia ukingo, akamwambia mdogo wake amalize kula, wanaingia kukaa ukumbini. Walikaa mstari wa juu kabisa, nyuma ya mtu mnene mwenye kofia ya manjano. Baada ya nusu saa mlango wa chuma ukafunguliwa na ndama wake wakaingia uwanjani, maksai kwanza, kwa mkupuo mmoja. Na nyuma yao, fimbo mkononi, akaingia Shemasi Burl Hensley.

Dalali alikuwa na karatasi. "Hawa wanatoka Missouri, wa shamba moja, mwenye mali mmoja! Wamechanjwa mara mbili, daktari ametia sahihi. Wameachishwa kunyonya siku sitini na tatu nyumbani, na siku zaidi juu yake! Burl, una neno?"

Shemasi akavua kofia. "Nimewaona hawa tangu wanazaliwa," alisema. "Walipokwama, mkono wa mtu uliwatoa. Hakuna ndama waliotunzwa kama hawa."

Lorene alitaka kusimama, goti au si goti. "Mwizi! Dada, huyo si yule shemasi wenu? Niachie, nimwambie!"

"Kaa chini."

"Nikae nini? Anawauza wanao!"

"Lorene, nyamaza. Nataka kusikia bei."

Akaisikia. Ukichanganya maksai na mitamba walioingia baadaye, senti mia na hamsini na nane kwa ratili, ratili mia tano arobaini na tano. Dola mia nane sitini na moja kila mmoja. Siku kumi na sita tu zilikuwa zimepita tangu mnada wa Haskell.

Usiniulize alivyoendesha gari kurudi, hata yeye hakumbuki. Nyumbani alivuta droo ya jikoni ambamo alikuwa akitupa karatasi za mnada, za miaka yote kumi na moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema, lakini yeye daftari alikuwa nalo. Hakuwahi kusoma safu ya mwisho tu, ile ya namba ya mnunuzi, kwa sababu haikuwa na fedha ndani yake. Namba arobaini na mbili. Arobaini na mbili. Arobaini na mbili. Mwaka huu, ndama ishirini na wawili kati ya ishirini na saba. Mwaka jana, ishirini. Mwaka wa kwanza, Doyle akiwa na miezi mitatu kaburini, wote. Asubuhi akapiga simu ofisi ya Haskell.

"Arobaini na mbili?" alisema binti wa ofisini. "Si Burl? Mama Maggard, mimi nilidhani unajua. Tulidhani mna mpango wenu."

"Na karatasi ya daktari mliisoma?"

"Karatasi gani, mama? Aliwaandikisha kama ndama wa kunyonya."

Hapo ndipo Veneta alipopata hasira kamili, na nilivyoelezwa, ilikuwa hasira ya mtu anayekumbuka. Miaka yote akiendesha basi alikuwa amekutana na trela la Shemasi barabarani. Ndama wa Shemasi mwenyewe walikwenda mnadani Jumanne saa nne asubuhi, wametoka kunywa maji, matumbo yamejaa. Ndama wa Veneta walikwenda Jumatatu saa tisa, wakasimama juu ya zege tupu karibu siku nzima bila maji wala jani, wakakonda ratili thelathini na tano kabla ya kupanda mizani. Kisha Shemasi akawanunua wakiwa wakavu, akawapeleka nyumbani, akawapa ndoo ya maji, na ratili zikarudi zikiwa zake. Yule mtu alikuwa akimwibia hata maji! Na juu yake alikula pai. Kumi na moja! Tena mwaka wa nne alisema ukoko haukuiva vizuri.

Akafanya hesabu mpya nyuma ya bahasha. Ndama ishirini na saba kwa bei ya Arkansas, toa gharama zote. Zinabaki dola elfu tatu. Si utajiri, huwezi hata kununua trekta bovu. Lakini kundi lilikuwa linalipa. Lilikuwa limelipa siku zote, na fedha zilikuwa zikivuka kijito. Hakuwa mfugaji mbaya. Veneta aliweka kalamu mezani na kulia kwa sauti, peke yake jikoni, mwanamke ambaye hakulia hivyo hata alipostaafishwa.

Jumamosi saa mbili asubuhi Shemasi alifika na trela. Majike yote yalikuwa bado yametawanyika malishoni, na Veneta alikuwa amekaa juu ya geti.

"Dada Veneta! Hujawakusanya?"

"Siwakusanyi."

"Unaumwa?"

"Naumwa, ndiyo. Tangu Alhamisi. Nilikwenda kula kambare Arkansas."

Shemasi alizima injini. Alichukua muda kushuka.

"Nilikuwa mstari wa juu," Veneta alisema, "nyuma ya yule mwenye kofia ya manjano. Ulizungumza vizuri sana, Burl. Mkono wa mtu uliwatoa, ulisema. Ungewatajia basi ni mkono wa nani."

"Dada, biashara ni biashara. Mnada ni wa wazi. Mimi nilitaja bei kama mtu mwingine yeyote, hakuna sheria niliyovunja."

"Na karatasi?"

"Niliisahau kwenye gari."

"Ikakumbuka yenyewe ikaenda Arkansas."

"Nimekubebea bure miaka kumi na moja, Veneta!"

"Jumatatu saa tisa. Wa kwako unawapeleka lini?"

Shemasi alitazama majike, akatazama trela lake, kisha uso wake ukabadilika, ule upole ukatoka. "Tulipeana mkono," alisema. "Ahadi ni deni. Mambo mengine yote tunaweza kubishana mpaka kesho, lakini hapa, juu ya waya huu, tulipeana mkono. Baba yako hakuwahi kuvunja mkono. Doyle hakuwahi."

Na hilo lilimchoma, usidhani halikumchoma. Alikuwa na miaka sitini na minane na hakuwahi kurudisha neno lake. Alitazama mkono wake, ukiwa na kovu la waya na kucha nyeusi.

"Basi mimi ndiye wa kwanza," alisema. "Geuza trela."

"Kesho kanisa zima litajua neno la Maggard halina thamani."

"Litajua. Nitalieleza mwenyewe, usije ukakosea hesabu. Geuza trela, Burl, unawatisha ng'ombe wangu."

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alivaa gauni lake la buluu la mazishi na Pasaka.

Katika kanisa la Pine Lick, kabla ya mahubiri, mchungaji huuliza nani ana ombi la sala. Watu husimama mmoja mmoja. Huyu goti, yule mvua, huyu mjukuu aliye jela. Ni nusu sala na nusu gazeti, na kila mtu husikiliza. Shemasi alikuwa amekaa benchi la pili na mkewe. Alianza kuinuka, lakini Veneta alikuwa amesimama tayari.

"Naomba mniombee," alisema. "Nimetenda dhambi. Nilimpa Ndugu Burl mkono kwamba nitamuuzia majike yangu, na jana nimeuvunja. Sijawahi kuvunja mkono, na naona aibu."

Kanisa likanung'unika. Bibi mmoja akasema "maskini" kwa sauti.

"Nieleze kwa nini, ili mjue cha kuombea. Nilimpa mkono nikidhani ng'ombe wangu hawalipi." Akaeleza, bila kupaza sauti, kama alivyokuwa akitaja vituo vya basi. Jumatatu saa tisa. Zege bila maji. Karatasi. Hereni za kijani. Namba arobaini na mbili, miaka kumi na moja. Arkansas, senti mia na hamsini na nane. "Ni hayo tu. Mniombee mimi, na mumwombee na yeye, kama mna nafasi." Akakaa.

Shemasi alisimama, mwekundu mpaka shingoni. "Ndugu zangu, hii ni nyumba ya Mungu, si mnada. Kama Dada Veneta ana uchungu wa mjane..."

"Hebu subiri, Burl," ilisema sauti ya nyuma. Ilikuwa ya mzee Elzie Pruitt, mwenye miaka themanini na mmoja na ng'ombe kumi na wanne, ambaye husimama kwa vipande, kwanza fimbo, kisha mgongo. "Mimi pia ulinibebea. Miaka sita. Nawe ulikuja saa nane."

"Elzie, kaa chini, jua la jana limekuchanganya."

"Na mimi," alisema mwanamke kwenye benchi la dirishani, ambaye mumewe yuko kwenye oksijeni. "Mwaka jana na mwaka juzi. Nilimpa maboga."

Wengine wawili walikuwa wameinua mikono kama shuleni. Mke wa Shemasi alikuwa anatazama mikono yake mapajani. Watu wote wakamgeukia Mchungaji Tharon pale mbele, wakingoja aombe, au akemee, au aanzishe wimbo, maana jambo likiharibika kanisani huanzishwa wimbo.

Mchungaji hakuanzisha wimbo. Mshahara wa kanisa lile haumtoshi mtu mwenye watoto wanne, na nyuma ya nyumba yake ana ng'ombe tisa, na hana trela. Aliifunga Biblia taratibu, akapapasa mfuko wa koti mpaka akapata kalamu.

"Dada Veneta," aliuliza, "huko Arkansas ulisema ratili moja ilikwenda senti ngapi?"